Asidi Ndani ya Kasiksi

"Sindano, Sindano, hapa Kilima. Mkate uko njiani kwenda tanurini. Narudia, mkate uko njiani."

Cibalonza alibonyeza kitufe cha redio yake ya Motorola bila kuondoa macho barabarani.

"Kilima, hapa Sindano. Nani ameutuma?"

"Aloys. Peugeot 404 nyeupe. Ametoka Nyantende sasa hivi, anashuka mjini."

"Namwona."

"Umkamate kabla meli haijang'oa nanga."

"Nimesikia."

Mkate ulikuwa bomu. Tanuri lilikuwa meli ya Goma, ambayo asubuhi hiyo ya Jumamosi, mwaka 1975, ilikuwa imefungwa kwenye gati la Bukavu, ikisubiri Salongo, kazi ya lazima ya umma, iishe ndipo iondoke.

Ndani ya meli hiyo, katika daraja la pili, alikuwa amekwisha kuketi mwanamke mmoja aitwaye Eulalie. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa Daktari Lambrecht, mzungu mwenye maabara ya dawa kule Muhumba. Ni yeye aliyegundua kwamba makopo ya vidonge vya malaria, yaliyovushwa mto Ruzizi kwenda Rwanda kila mwezi, yalikuwa yamejaa dhahabu. Jumatatu angesimama mbele ya hakimu wa Goma na kuyaeleza hayo. Hakuwa na ulinzi mwingine wowote isipokuwa maneno machache aliyoambiwa na Cibalonza.

"Panda meli ya Jumamosi, maman. Mimi nitaiangalia."

Cibalonza aliyasema hayo kwa sauti ileile anayoagizia chai. Eulalie aliyaamini.

Kuizuia meli kusingefaa kitu. Lambrecht angeona, angevuka Ruzizi kabla ya saa sita, na bomu lingebaki mahali pasipojulikana, katikati ya watu.

Peugeot 504 ya Cibalonza ilipita Nyawera kwa kasi. Soko lilikuwa tupu. Meza zilikuwa wazi, milango imefungwa, na wafanyabiashara wote walikuwa barabarani na majembe, kwa sababu siku ya Salongo hakuna aliyeruhusiwa kuuza hata kiberiti. Ile 404 ilikuwa mbele yake, umbali wa kutupa jiwe. Chini ya kiti cha Cibalonza kulikuwa na bastola, Walther PPK.

Akaongeza mwendo.

Kisha 404 ikawasha taa nyekundu za nyuma na kusimama.

Gogo la mkaratusi lilikuwa limelazwa barabarani. Nyuma ya gogo walisimama vijana wa Chama, wenye mashati ya kijani na filimbi.

"Simama! Zima moteri!" kiongozi wao alipaza sauti. "Ni Salongo. Hapana mutu anapita."

"Nina haraka, ndugu yangu."

"Hata mutaro iko na haraka, citoyenne. Shuka. Kamata jembe."

Cibalonza alitazama mbele. Aloys alikuwa ameshushwa pia. Alisimama mtaroni katika abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, mpya, ya rangi ya kahawia, ameshika jembe kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

Katika mkoba wa Cibalonza mlikuwa na kadi ya kijani ya idara ya usalama, yenye mihuri miwili. Kadi hiyo ingeliondoa gogo mara moja.

Hakuitoa.

Mtaro ni mahali pazuri pa kumhoji mtu. Hawezi kukimbia, na mikono yake ina kazi. Alipandisha kitenge, akapokea jembe, akaenda kusimama ubavuni mwa Aloys.

"Jambo, citoyen Aloys."

Kuitana citoyen, yaani mwananchi, kulikuwa amri, na majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku nchini tangu miaka mitatu iliyopita, lakini watu waliendelea kuyatumia kama wanavyotumia mlango wa nyuma. Kijana aligutuka.

"Sikujue, maman."

"Miye nakujua. Unaosha mirija ya Lambrecht."

"Mi sioshe!" alisema kwa ukali. "Miye ni préparateur. Minatengeneza bintu."

"Njo vile. Na ile ya leo, uliitengeneza pia?"

Jembe lake lilisimama hewani.

"Ee, wewe wa abakosti!" kiongozi alifoka. "Jembe haina breki! Lima!"

Aloys alilima. Udongo mwekundu uliruka juu ya viatu vyake.  Kisha kijana akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Umechelewa, maman. Hata unitupe mu gereza sasa, haitasaidia. Iko mu njia."

"Itapasuka saa ngapi?"

"Haina saa. Haina montre ndani. Askari banatafutaka tik-tak, na ile haiko na tik-tak."

Alikuwa akijisifu. Vijana wenye akili hujisifu kwa urahisi, hata wakiwa mtaroni.

Cibalonza alielewa mara moja. Alikuwa amesoma kemia kabla ya kusoma mambo mengine. Mrija, asidi, waya. Asidi huula waya polepole. Waya ukikatika, bomu hulipuka. Hakuna mshale, hakuna gurudumu, hakuna mlio. Saa pekee ni mwendo wa asidi yenyewe, nao huamuliwa na nguvu ya asidi, na unene wa waya, na baridi au joto la mahali ulipo mrija.

"Daktari alikuahidi nini?"

"Bourse. Ya kusoma Louvain." Alilitamka jina la chuo hicho cha Ubelgiji kama sala. "Weye ulisoma, ungekataa?"

"Na batu ba mu meli?"

Aloys alilima, akalima tena.

"Itapasuka magharibi, jua ikizama," alisema hatimaye, akitazama chini. "Katikati ya ziwa. Kule maji ni marefu."

Wakati huo lori dogo aina ya Toyota Stout lilitokea nyuma yao, likipiga honi. Juu ya mzigo wake alikuwa ameketi mwanamke mzee, kitambaa cheupe kichwani, mikono yote miwili imekumbatia mabidoni matano, madumu ya plastiki ya manjano. Kiongozi wa vijana alinyanyua filimbi, akatazama mabidoni, akaishusha filimbi.

"Ni nini hii, maman?"

"Kasiksi ya ndoa, mutoto wangu. Leta kikombe, uonje, uniache nipite."

Desturi hiyo ilijulikana mji mzima. Askari wa bandari walipekua kila gunia na kupasua kila godoro, lakini kasiksi ya ndoa, pombe ya ndizi ya harusi, haikupekuliwa. Ilionjwa. Ndiyo sababu mtu mwenye kitu cha kuficha angeichagua.

Kikombe kilizunguka. Kiongozi alifuta povu kwenye masharubu yake machanga.

"Ingali inachemuka, maman. Haiyaiva."

"Itaiva ku Goma. Tuliikamua jana." Mwanamke mzee aligeuza shingo, akaona abakosti ya kahawia mtaroni, akacheka kwa sauti kuu. "Ee! Aloys! Aloys wangu na jembe! Yezu, leo nimeona!"

Aloys aliacha jembe lianguke.

"Mama? Unaenda wapi?"

"Ku Goma! Niache kasiksi ya Noëlla itembee peke yake? Bale ba mu meli bataikunywa yote, bakwe bapate bidon tupu?"

"Ulisema hauendi! Jana ulisema magoti inakuuma!"

"Nilisema. Sasa nimekataa ile nilisema." Alimpungia mkono. "Lima muzuri, baba! Usinipatishe haya!"

Gogo liliondolewa. Lori lilipita likirukaruka juu ya mashimo, na kwenye vifuniko vya mabidoni povu jeupe lilikuwa likichuruzika.

Huyo alikuwa Maman Georgette wa Nyantende, mama yake Aloys. Noëlla alikuwa dada yake.

Cibalonza alimtazama kijana. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Iko ndani ya bidon moja ya zile," Cibalonza alisema.

Aloys aliinamisha kichwa kukubali.

"Atapanda meli," alinong'ona. "Mama atapanda meli. Magharibi..."

"Hakutakuwa magharibi. Daktari alijaribu ile mrija ndani ya nini?"

"Ndani ya maji. Mu labo. Maji ya bomba."

"Na ilikuwa sawa kila mara?"

"Kila mara. Haikose."

"Nawe umeitia ndani ya nini?"

Kijana aliitazama barabara lilikopita lori. 

Alikuwa amezaliwa katika nyumba yenye kihori cha kasiksi. Asubuhi za baridi, utotoni, alikuwa akiegemeza mgongo kwenye kihori hicho, kwa sababu maji ya ndizi mbivu yaliyochanganywa na unga wa mtama uliokaangwa hujipasha moto yenyewe yanapogeuka pombe. Hilo alilijua tangu kabla ya kujua kusoma. Shuleni alikuwa ameandika ubaoni, kwa hati nzuri, kwamba joto huharakisha mwendo wa asidi. Hilo pia alilijua. Lakini la nyumbani alikuwa ameliacha nyumbani, na la shule alikuwa ameliacha shuleni, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana katika kichwa chake hadi alipokuwa mtaroni, na mama yake amekwisha kupita.

"Maman," alisema. "Maman, tukimbie."

Cibalonza alitoa kadi ya kijani.

Kiongozi wa vijana aliisoma mara mbili, akakauka, akapiga saluti kwa mkono ulioshika kikombe.

"Juu ya nini haukuonyesha tangu mbele?"

"Haukuniuliza kadi. Uliniuliza nilime."

Milango ya 504 ilijifunga. Magurudumu yalirusha udongo.

"Kilima, hapa Sindano. Mkate uko bandarini, ndani ya kasiksi. Funga daraja la Ruzizi nikikuambia. Si kabla."

"Tuondoe watu gatini?"

"Hapana. Wakikimbia, watagonga mabidoni. Lisiguswe hata moja."

"Una muda gani?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

Aloys alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Alizungumza haraka, kama mwanafunzi anayejaribu kuokoa mtihani.

"Joto ikipanda kidogo, mwendo inakuwa mara mbili. Ikipanda tena, mara mbili tena. Kasiksi ya jana iko na joto mingi. Na povu inatikisa. Na barabara ya Nyantende, mashimo yote ile..."

"Mtikisiko unaleta asidi mpya kwenye waya."

"Njo. Ile yenye imechoka inaondoka, mpya inakuya." Aliitazama barabara. "Maman, pengine imebaki kidogo sana."

"Pengine."

Alimtazama. "Hauogope?"

Cibalonza alipindisha usukani. Mwaka 1967, mamluki walipoushika mji huu, alirudi nyumbani jioni moja na kukuta paa liko chini na hakuna wa kumwita. Tangu siku hiyo hofu, na furaha pia, vilimfikia kama redio ya jirani: vilisikika, lakini upande wa pili wa ukuta.

"Nitageuka kushoto," alisema. "Jishike."

Bandari ilikuwa imejaa. Salongo ilikuwa inakwisha, na watu walishuka ziwani kuosha majembe na miguu. Wanawake walifua kwenye mawe, watoto waliogelea hadi ubavuni mwa meli. Kulitupa bomu majini hapo kungekuwa kuwaua wote. Juu, kwenye ukingo wa meli, Eulalie alikuwa amesimama na rozari mkononi. Alimwona Cibalonza. Alitabasamu.

Cibalonza hakutabasamu.

Maman Georgette alikuwa ameketi juu ya bidoni, amezungukwa na askari watatu wenye vikombe.

"Ni gani?" Cibalonza aliuliza.

"Ile iko nakalia," Aloys alisema. Kisha, kwa sauti ya juu kidogo: "Mama. Simama pole pole."

"Juu ya nini? Nimekaa muzuri."

"Mama, nakuomba."

"Nimetoka Nyantende magoti inalia, nimepata kiti, mutoto wangu mwenyewe ananifukuza? Ndiyo ile mulifundishwa ku labo?"

"Mama!"

Kitu fulani katika sauti hiyo kilimfanya mwanamke mzee anyamaze. Alisimama. Polepole.

Cibalonza alipiga magoti. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi tangu asidi ilipozimwagikia katika darasa la Lambrecht, aliyekuwa zamani mwalimu wake wa kemia. Hazikuweza kutofautisha barafu na makaa. Kwa hiyo aliweka shavu kwenye plastiki, kama mama anavyoweka shavu kwenye paji la mwanawe.

Ilikuwa moto. Moto wa mtoto mwenye malaria.

"Barafu," alisema bila kugeuka. "Barafu iko wapi hapa?"

"Ya bia ya meli, citoyenne," askari mmoja alijibu. "Chini ya unga wa mbao."

"Leteni yote. Na gunia la chumvi, lile pale. Na beseni."

Mapande ya barafu yalikuja, marefu kama matofali ya kanisa. Askari alitaka kuyamimina vivyo hivyo.

"Hapana! Yavunjeni. Madogo kama punje za mahindi."

"Si ni barafu ileile?"

"Pande kubwa linagusa mahali pamoja. Madogo yanagusa kila mahali. Vunja."

Majembe ya Salongo yaliponda barafu. Chumvi ilimwagwa juu yake, na moshi mweupe wa baridi ukaanza kupanda kutoka kwenye beseni. Wapagazi waliacha kucheka. Mtu mmoja alijipiga ishara ya msalaba.

Cibalonza alitoa kisu na kuikata shingo ya bidoni. Harufu tamu ya ndizi iliyochacha ilimjaa puani. Ndani, katikati ya povu, furushi la mpira mweusi lilikuwa linaning'inia kwa uzi.

"Ulitoe wewe," alimwambia Aloys. "Bila kutikisa."

"Miye?"

"Ulisema hauoshi mirija. Unatengeneza."

Aloys alivua abakosti. Aliingiza mikono yote miwili katika kasiksi hadi viwikoni. Furushi lilipanda sentimita kwa sentimita. Lilitoka likidondosha povu. Lilivuka hewani. Lilishuka katika barafu, nayo barafu ikalifunika.

Hakuna kilichotokea.

"Mulitia nini mu kasiksi yangu?" Maman Georgette aliuliza.

Aloys aliliinua beseni bila kugeuka.

Mashua ya bandari ilikuwa na injini ya Johnson. Cibalonza alishika usukani. Aloys aliketi katikati na beseni mapajani, mgongo wima, macho kwenye barafu. Cibalonza aliiendesha mashua polepole kiasi kwamba haikuacha mkia majini. Watoto waliokuwa wakiogelea waliwapigia kelele kwamba wanaendesha kama bibi harusi.

Asidi ilikuwa bado inafanya kazi. Baridi haiizuii, huitia uvivu tu. Uvivu huo ndio muda wote waliokuwa nao, na haukuwa na kipimo.

Walipita rasi. Nyumba zilikuwa ndogo. Hakukuwa na mtumbwi karibu.

"Utamwambia mama?" Aloys aliuliza bila kuinua macho.

"Nini?"

"Kama ni miye."

"Sitamwambia. Utamwambia mwenyewe."

"Atanilaani."

"Huenda."

Kijana alilia kidogo, bila kusogeza mabega, ili beseni lisicheze. Machozi yalidondoka kwenye chumvi.

"Hapa," Cibalonza alisema.

Aloys aliliteremsha furushi majini kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Lilizama. Cibalonza alihesabu pumzi chache, kisha akaivuta Johnson hadi mwisho, na mashua ikanyanyua pua.

Walikuwa wamekwisha kufunga kamba gatini ndipo ziwa lilipopasuka.

Kwanza mshindo, mzito, kana kwamba mlima umekohoa. Kisha nguzo ya maji meupe nje ya rasi, iliyopanda, ikasimama, ikaanguka. Mawimbi yalifika yakiwa yamechoka na kuloweka nguo za wafuaji.  Halafu mtu akapiga ukelele kwamba samaki wanaelea, na mitumbwi yote ya karibu ikaanza kupigiwa makasia.

Cibalonza aliangalia mapigo ya moyo wake, kama anavyoangalia saa. Yalikuwa ya kawaida.

Alimfunga Aloys pingu, akaweka abakosti iliyokunjwa juu ya pingu ili zisionekane. Maman Georgette alikuja na mabidoni yake manne na lawama zake.

"Moja imeharibika. Bakwe bataseme nini? Balisema tano!"

"Uwaambie polisi waliikunywa," Cibalonza alisema.

"Ile bataamini." Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Aloys. Utakuya ku ndoa?"

"Sitaweza, mama. Kazi."

"Kazi," alirudia mwanamke mzee. Alitazama abakosti iliyokunjwa juu ya mikono ya mwanawe.  Aligeuka na kuwaita wapagazi, na alipopanda ngazi ya meli alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili.

Motorola ilikoroma.

"Sindano, hapa Kilima. Mercedes nyeusi imetoka Muhumba kwa kasi. Inaelekea Ruzizi."

Ndivyo alivyotarajia. Lambrecht alikuwa amepanga kula chakula cha mchana mbele ya mashahidi wengi, na kuvuka mpaka kesho yake kwa utulivu, akiwa na huzuni usoni. Mshindo uliosikika adhuhuri badala ya magharibi ulikuwa na maana moja tu kwake: mtu ameingilia.

"Kilima, teremsha kizuizi."

"Kimeteremka."

Cibalonza alipofika darajani, Mercedes ilikuwa imesimama mbele ya chuma chekundu na cheupe, moteri inanguruma. Afisa wa forodha alikuwa ameinamia makopo ya vidonge kwenye buti. Chini ya vidonge, unga wa manjano. Ng'ambo ya pili, hatua chache tu, ilikuwa Rwanda.

Lambrecht alikuwa ameketi nyuma ya usukani. Nywele nyeupe, tai ya buluu. Alimtambua.

"Cibalonza," alisema kwa Kiswahili chake cha miaka ishirini. "Benchi ya mbele, karibu na dirisha. Ulichoma vidole."

"Ndiyo, Daktari."

"Eulalie amekufa?"

"Yuko kwenye meli. Anakwenda Goma."

Alifumba macho, akayafumbua. Alipozungumza tena, haikuwa sauti ya mwizi. Ilikuwa sauti ya mwalimu.

"Haiwezekani ipasuke mchana. Nilijaribu. Nilihesabu."

"Ulihesabu vizuri. Ulihesabu maji."

"Kasiksi ni maji na sukari."

"Umeinywa, Daktari?"

"Mara mingi sana."

"Katika gilasi, ikiwa baridi. Ikingali mpya, ikifanya kazi, hukuwahi kuigusa."

Lambrecht alitazama kioo cha mbele. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kwa muda mfupi alisahau dhahabu, na daraja, na askari.

"Exothermique. Inajipasha moto," alinong'ona. "Aloys hakuniambia."

"Hukumuuliza habari za jikoni kwao."

Kisha mkono wake wa kulia ukaondoka kwenye usukani na kuelekea kwenye sanduku la dashibodi, mahali ilipokuwa bastola yake, Browning. Ulikuwa mkono mzee. Walther ya Cibalonza ilikuwa imekwisha kumgusa chini ya sikio.

"Usiguse, Daktari."

Mkono ulirudi. Askari walifungua mlango. Alishuka, akanyoosha tai, akanyoosha mikono. 

"Sindano, hapa Kilima. Tumpeleke wapi yule kijana?"

"Kwa hakimu yuleyule wa Goma. Atasema yote. Lakini si kwa meli ya leo."

"Na wewe? Uko mzima?"

Cibalonza aliwaza swali hilo kwa uaminifu. Mikono yake ilinuka ndizi. Shavu lake moja lilikuwa linanata.

"Niko."

Alizima redio. Aliiacha 504 kwa askari, akapanda kilima cha Nguba kwa miguu, kwa mwendo wa mtu anayerudi kutoka kazini. Maduka yalikuwa yanafunguliwa. Watu walikuwa wanabishana juu ya mshindo: wengine walisema ni gesi ya ziwa, wengine walisema ni jeshi linajifunza.

Juu kabisa, mahali ambapo barabara inajipinda na ziwa lote huonekana, alisimama. Meli ilikuwa imekwisha kupita rasi. Kwenye ukingo wa nyuma Eulalie alikuwa anapunga kitambaa, akiupungia mji mzima, kwa kuwa hakujua amtafute Cibalonza wapi.

Cibalonza hakuinua mkono. Alihakikisha tu kwamba meli inakwenda.

Kisha akageuka.